Ndege Niliyemfuta

Novemba 4

Nimefika El Paltal saa nane mchana, nimelowa hadi soksi. Basi lilikwama kwenye maporomoko ya udongo, nikatembea saa tatu zilizobaki nyuma ya nyumbu aliyebeba mizigo yangu, nikiwa na don Abdías Culqui, mkulima wa kahawa, aliyemtukana nyumbu huyo kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto. Mvua za msimu zimeanza wiki iliyopita. Huku milimani kaskazini mwa Peru zikishaanza haziombi ruhusa ya mtu hadi Machi.

Niandike kilichonileta, nisije nikajidanganya baadaye. Miaka kumi na sita iliyopita mimi, Herminia Tafur, mtunza ndege waliokaushwa wa jumba la makumbusho huko Lima, niliandika makala ya kurasa tisa, na kwa kurasa hizo nilimfuta ndege mmoja duniani. Olegario Pinedo, mwenzangu wa kazi, alikuwa amedai kwamba juu ya mgongo huu wa mlima anaishi tapakulo wa aina yake, asiyepatikana penginepo. Tapakulo ni ndege wadogo weusi-weusi wanaokimbia chini ya magogo kama panya. Wote wanafanana, na ukiwaweka ishirini mezani hata mama zao wangechanganyikiwa. Pinedo alikuwa na ngozi moja kavu na kanda moja ya sauti. Nilivuta droo, nikapima ngozi, nikaona mabaka ya kahawia kifuani, nikatangaza kuwa huyo ni kinda wa spishi inayojulikana ng'ambo ya mto. Nilimwita Pinedo mshairi aliyepotea njia akaingia maabara. Nilipoisoma kwenye mkutano wa wataalamu wa ndege, ukumbi mzima ulicheka. Hakuandika tena juu ya ndege yeyote, na miaka minne baadaye akafa.

Kanda ilikuwa ndani ya droo ileile. Sikuisikiliza. Nilikuwa mtu wa ngozi na rula, na kanda niliziona kama kazi ya watalii. Nimeisikiliza mwezi Agosti mwaka huu, nikajua nilikosea, baada ya kuletewa faili la kampuni inayotaka kupitisha barabara ya machimbo juu ya mgongo huu. Faili linasema hakuna hapa kiumbe wa pekee. Ushahidi wao ni mimi, ukurasa wa saba.

Wizara imenipa hadi mwisho wa Januari kuthibitisha kwamba nilikosea. Nikishindwa, msitu unakatwa, na kijito kinachonywesha nyumba arobaini na mbili za El Paltal kinakatika pamoja nao.

Novemba 5

Mvua. Hakuna aliyeimba isipokuwa Abdías.

Novemba 9

Nimemsikia.

Tulikuwa kwenye kijito cha pili, ukungu umetanda, magogo yamevaa ukoga wa kijani, mnene kama blanketi. Abdías alinishika bega. "Tulia, Injinia. Unahema kama nyumbu wangu."

Huku kila aliyesoma ni injinia. Nimechoka kuwasahihisha.

Kisha chini ya miguu yetu, kutoka ndani ya mizizi, ikaanza: noti kavu, moja kwa moja, za haraka, bila kituo. Nilipima. Sekunde thelathini na nane. Yule wa ng'ambo ya mto huimba vipande vifupi, akinyamaza katikati. Huyu hanyamazi. Nilisimama kwenye maji yanayoingia buti, nimetiwa aibu na kiumbe wa gramu kumi na nane.

"Tunamwita Mshonaji," Abdías alisema. "Bibi yangu alikuwa na cherehani ya mkono, ilikuwa inalia hivihivi. Hata don Olegario tulimwambia. Kwani hakuwaambia huko Lima?"

"Alituambia."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Sasa miaka yote hiyo mlikuwa mnangoja nini, Injinia?"

Tulitembea mgongo mzima hadi jioni. Madume tisa wanaimba, kila mmoja na bonde lake dogo. Tisa. Hiyo ndiyo idadi yote iliyopo.

Novemba 17

Jaribio. Nilimchezea dume wa kijito cha kwanza sauti ya ndugu yake wa ng'ambo ya mto, kwa kipaza sauti kidogo nilichokificha kwenye majani. Hakujali. Aliendelea kupekua wadudu. Nikamchezea sauti ya dume wa hapahapa. Alitoka mzizini mbio, mkia juu, akapita juu ya ncha ya buti langu akitafuta wa kupigana naye. Nilirudia kwa madume wanne, kila mmoja mara tatu. Majibu ni yaleyale.

Yeye anajua nani ni wake na nani si wake. Mimi nilihitaji miaka kumi na sita.

Natamani Pinedo angekuwapo anitukane. Ningemjibu vibaya, bila shaka, lakini ningekuwa nimesikia.

Novemba 22

Mvua. Muhogo wa kuchemsha, jibini, kahawa. Kitabu changu cha rangi za manyoya kimeota ukungu kwenye kurasa za kahawia, ambazo ndizo ninazozihitaji.

Desemba 2

Vijana wa kampuni wamepanda na mapanga na misumeno, wanafyeka mstari wa kupimia barabara, upana wa mita nne, kutoka chini hadi kileleni. Pamoja nao yupo Fermín Ludeña, mshauri wao wa mazingira. Mshauri wa mazingira ni mtu anayelipwa kutazama msitu na kuona uwanja mtupu. Huyu nilimfundisha mimi, miaka mitatu, na alikuwa bora darasani.

"Mwalimu wangu! Bado una miguu ya kupanda huku?"

"Miguu ninayo, Fermín. Uvumilivu wa kukutazama ndio umepungua."

Alicheka. Ana cheko zuri, ndilo linaloudhi. "Mimi nanukuu tu, mwalimu. Ukurasa wa saba. Hujawahi kuandika vizuri kama pale."

"Nilikosea."

"Basi thibitisha. Si ulitufundisha wewe? Hakuna mwili, hakuna jina."

Kweli nilifundisha hivyo. Niliiandika pia, kwa ukali, dhidi ya wale wanaotaka kuzipa spishi majina kwa picha na sauti. Nilisema jina lisilo na mwili kwenye droo ni uvumi. Bado nasadiki hivyo. Mwili ndio unaobaki kumsuta mwongo baada ya miaka mia moja, akiwemo mwongo wa aina yangu.

Nina kibali cha kuchukua ndege mmoja.

Desemba 6

Saba. Wawili wa upande wa mstari wamenyamaza.

Desemba 14

Mkutano wa ronda, darasani. Ronda ndiyo doria ya wanakijiji wenyewe. Huku polisi ni hadithi ya mjini, ronda ndiyo inayokamata wezi wa ng'ombe, inaamua ugomvi wa mipaka, inawapatanisha wanandoa. Mwenyekiti ni doña Zenaida Mestanza, ambaye pia ndiye mwenye nyumba ninayolala. Mwanamke mfupi, kofia ya majani hata ndani ya nyumba, sauti ya kusimamisha farasi.

Hakuna kinachotolewa msituni bila mkutano kukubali, tangu wageni walipobeba maua ya okidi gunia kwa gunia. Kwa hiyo nilisimama nikaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani. Nilitumia dakika ishirini.

"Ngoja nielewe," alisema Zenaida. "Umekuja kumwokoa Mshonaji."

"Ndiyo."

"Kwa kumuua."

"Mmoja tu, doña Zenaida."

"Wako saba, dada. Ukiwa na watoto saba utanipa mmoja?"

Darasa lilicheka. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Mpe yule wako wa tatu, Zenaida, hata haamki kukamua!" Wakacheka zaidi, naye Zenaida pia, kisha akapiga meza.

Nilisema bila mwili Lima hawatatuamini. Nilisema mimi mwenyewe nisingeamini. Hilo la pili liliwashawishi kuliko la kwanza.

Wakapiga kura kwa mikono. Azimio likaandikwa kwenye kitabu chao kikubwa, kila mtu akabonyeza dole gumba: Injinia atachukua mmoja, si zaidi, jina litachaguliwa na kijiji, na Injinia atasimama upande wa kijiji hadi mwisho wa jambo hili. Nami nikabonyeza. Nimesaini mikataba mingi kwa kalamu za bei, lakini huu wa wino wa buluu ndio wa kwanza kuusaini kwa kidole.

Desemba 25

Zenaida amechinja kuku. Mvua. Watano.

Januari 3

Abdías ananiambia niache kucheza kipaza sauti. "Unawachokoza. Dume anasikia mgeni kila siku, hampati wa kupigana naye, mwisho anahama. Hata mimi ningehama."

Nimemwambia si kipaza sauti, ni mstari wa kampuni. Nimemtajia tafiti tatu. Alisikiliza zote tatu huku akichonga mpini wa jembe.

"Sawa, Injinia. Lakini wale wawili walionyamaza wiki hii, mstari haujafika kwao. Wewe umefika."

Nimekasirika hadi nimeshindwa kula. Nimeangalia daftari langu la jaribio. Yuko sahihi. Ni walewale.

Januari 9

Watatu wanaimba. Nimechukua mmoja.

Nilitega wavu mwembamba kwenye kijito cha tatu, nikacheza sauti yake mara moja tu. Alikuja kama nilivyojua atakuja, akikimbia kupigania kwake. Nilimtoa wavuni. Moyo wake ulikuwa unapiga kwa kasi ambayo vidole haviwezi kuhesabu. Kazi hii nimeifanya mara mamia: vidole viwili chini ya mbawa, unabana kifua, unangoja. Si muda mrefu. Abdías alivua kofia akatazama upande mwingine.

Nimemchuna mezani kwa Zenaida, mvua ikipiga bati. Lebo: dume, mzima, gramu 18.2, korodani milimita 7 kwa 4, hana mafuta, tumboni mende na buibui. Kifua kijivu kitupu, bila baka hata moja la kahawia. Ile ngozi ya Pinedo kweli ilikuwa ya kinda. Ila alikuwa kinda wa spishi ya huyu. Nilipima sawa, nikaainisha vibaya. Hakuna kosa linalomfaa mtu wa droo kuliko hilo.

Korodani kubwa hivyo maana yake alikuwa na kiota.

Januari 11

Abdías amekipata. Shimo kwenye ukingo wa udongo, urefu wa mkono, mwishoni bakuli la ukoga. Makinda mawili, yamekufa, baridi. Jike ameondoka, peke yake hakuweza kulisha na kupasha joto katika mvua hii. Amenionyesha, akasogea pembeni. Nilitamani anilaumu.

Nimeyachukua makinda. Hata kibali hakinipi haki hiyo, wala azimio la kijiji. Lakini yana mabaka ya kahawia kifuani, na yanamaliza ubishi wote wa ukurasa wa saba. Hivyo ndivyo nilivyo. Nimeyatia kwenye spiriti.

Januari 19

Mkutano umechagua jina. Nilitarajia watampa ndege jina la Zenaida, au la kijiji. Abdías alisimama akasema don Olegario alikaa nao miezi minne, alikula walichokula, na alimtibu mke wa Abdías homa. Mikono yote ikainuka. Kwa hiyo nimeandika kwa Kilatini, kwa mkono wangu, jina la Pinedo.

Zenaida aliniona ninavyoandika. "Mlikuwa marafiki?"

"Hapana."

"Ndiyo maana umekunja uso hivyo."

Januari 27

Maelezo, vipimo, michoro ya sauti, picha za ngozi: vyote vimetumwa kutoka mji wa chini, baada ya siku mbili za kungoja umeme. Ni kazi bora ya maisha yangu. Naisema bila haya kwa sababu haijanifurahisha.

Februari 6

Jibu la wizara. Wamekubali kwamba spishi ipo. Sasa wanataka kujua kama *bado* ipo. Ludeña amewaandikia kwamba huenda dume wangu alikuwa mpita njia. Watakuja wakaguzi wawili asubuhi moja, tarehe 19. Wakimsikia Mshonaji kwa masikio yao, barabara itahamishiwa bonde la pili. Wasipomsikia, faili limefungwa.

Tapakulo mpita njia! Ndege ambaye hajawahi kuvuka mto kwa miaka laki tano, sasa ni mtalii. Nimeandika majibu kurasa nne, nimechana tatu.

Februari 7

Mmoja, kijito cha pili. Nimeagiza mtu yeyote asimkaribie, kuanzia mimi.

Februari 10

Mmoja.

Februari 13

Mvua kubwa usiku kucha. Ukingo wa kijito cha pili umeporomoka pale mstari wa kampuni ulipolegeza mizizi. Leo sijamsikia.

Februari 14, 15, 16, 17

Hakuna.

Februari 19

Niandike yote, hata kama mkono umechoka.

Wakaguzi walifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwanamume na mwanamke, vijana, wenye adabu, viatu vipya. Ludeña alikuwa nao. Zenaida na watu wa ronda kama kumi walikuja nyuma, fimbo mikononi, kofia zikichuruzika. Abdías sikumwona, Zenaida akasema anaumwa tumbo.

Tulisimama kijito cha kwanza nusu saa. Maji tu. Kijito cha tatu, ambako nilimchukua yule, nusu saa. Mkaguzi wa kike alinitazama kwa huruma, na huruma ya ofisa ni kitu cha kuogopwa. Ludeña alifunga koti lake. Alijua hahitaji kubishana.

Kijito cha pili, saa mbili kasoro robo. Ukungu umeshuka hadi kiunoni. Na kutoka juu, nyuma ya maporomoko, ikaanza: noti kavu, moja kwa moja, za haraka.

Mkaguzi wa kike alishika mkono wa mwenzake. Watu wa ronda hawakusogea. Ludeña alifungua daftari akaanza kuandika saa, uso umemshuka. Nilimtazama, na nikaona kwamba hajui. Mwanafunzi wangu bora, na hajui.

Mimi nilikuwa nahesabu, kwa sababu huwa nahesabu. Kumi na nane. Kumi na tisa. Kwenye sekunde ya ishirini na moja kulikuwa na pengo dogo, pana kiasi cha pumzi moja, kisha ikaendelea. Kwenye arobaini, pengo jingine.

Ilikuwa nzuri ajabu. Bibi mwenye cherehani hangeweza kukosoa. Ikanyamaza.

"Daktari Tafur," mkaguzi wa kiume alisema, akinisogezea karatasi chini ya mwavuli, "wewe ndiye uliyemwainisha. Ni yeye?"

Zenaida alikuwa ananitazama moja kwa moja. Hakukonyeza, hakutikisa kichwa. Alinitazama tu, kama mtu anayekushikia mlango.

Nikasema, "Huyo si ndege. Huyo ni mtu, na anavuta pumzi."

Kisha majani ya juu yakatikisika, Abdías akatoka, ametapakaa udongo hadi nyusi, mikono imeshuka. Hakunitazama. Alipita katikati yetu akateremka nyumbani.

Februari 21

Mkutano. Niliitwa, nikaenda. Faili limefungwa, wakaguzi waliandika "jaribio la udanganyifu" na kijiji kimepoteza hata haki ya kukata rufaa. Kitabu kilikuwa mezani, wazi kwenye ukurasa wa Desemba. Alama ya dole gumba langu ilionekana kutoka pale niliposimama.

Nilijitetea. Nilisema uongo ungegunduliwa, kwamba kuna siku Ludeña angesikiliza rekodi kwa makini, kwamba sayansi ya uongo ingemuua Mshonaji mara ya pili na kumchafua Pinedo milele. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilisikia sauti yangu ikipanda na kupangika vizuri, kama kwenye mkutano wa miaka kumi na sita iliyopita.

Zenaida alisubiri nimalize.

"Hatukukuomba useme uongo, Injinia. Ungesema hujui. Ungesema mvua imekuziba masikio. Ungekohoa. Tulikuomba unyamaze, mara moja tu."

Nimebishana na maprofesa, mawaziri, askofu mmoja na mume wangu wa zamani. Sijawahi kukosa jibu. Nilisimama pale nikilitafuta, na watu arobaini wakaningoja kwa subira, na nikatambua kwamba pale kijitoni sikuufikiria ukweli hata kidogo. Nilisikia kosa, nikasahihisha. Ndivyo ninavyofanya mtu akikosea mbele yangu. Ndivyo nilivyofanya siku zote.

"Sina la kusema," nikasema.

"Liandikwe," Zenaida akamwambia katibu.

Februari 24

Mvua.

Februari 26

Nimepanda peke yangu hadi kileleni, nimekaa saa sita bila kipaza sauti, bila wavu. Hakuna. Nitakwenda mgongo unaofuata, na ule wa baada yake, mwaka huu na mwaka ujao, kama miguu itakubali. Simwambii mtu. Hakuna anayeniuliza.

Machi 3

Mashine zimefika kijito cha kwanza. Maji ya bomba la kijiji yametoka mekundu tangu asubuhi, wanawake wanayachuja kwa kitambaa. Zenaida amenipa kahawa iliyotengenezwa kwa maji hayo, akasimama hadi nilipoimaliza.

Abdías alikuja na nyumbu bila kuitwa, kunisindikiza nikiondoka. Nilimnyooshea mkono kumsalimu, akautazama, hakuupokea. Kisha akainua sanduku lenye ngozi ya Mshonaji, hakuliweka juu ya nyumbu, akalibeba mwenyewe kifuani chini ya koti la mvua, saa tatu zote hadi barabarani, lisilowe.